Zaina Atapiga Magoti Kasongo

Kabambare, Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Kama ningekuwa mlangoni pako sasa hivi ningepiga magoti kama ulivyotulea, ningengoja uniulize habari za njia, ndipo nijibu. Karatasi haiwezi kukungoja, kwa hiyo ninaanza kuuliza mimi. Goti lako la kulia linaendeleaje tangu mvua zianze? Bado unakwenda shambani kwa fimbo, au hatimaye umekubali kaka Kalumba akulimie ule upande wa mtoni? Na Mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Shabani, mbeba salamu wetu, aliniambia kwamba mpunga mwaka huu umesimama vizuri. Nimefurahi, ingawa najua Shabani husifu kila kitu anachokiona akiwa juu ya pikipiki.

Mimi ni mzima. Malaria ilinishika mwanzoni mwa muhula, ikanilaza juma zima, lakini majirani walinipikia uji bila kuniuliza mimi ni wa kabila gani wala ninasali wapi. Darasani paa linavuja upande wa madirisha, hivyo mvua ikianza wanafunzi wote huhamia upande mmoja na ninafundisha Kiswahili kwa watu waliobanana kama wanaogombea mkate. Mtandao wa simu hupatikana juu ya kilima tu, na siku nyingine hata huko haupo. Ndiyo maana bado ninakuandikia, na ndiyo maana wewe bado unanijibu kwa mdomo wa Shabani.

Neno lako limenifikia. Shabani aliingia uani akiwa hajavua kofia yake ya pikipiki, matope mpaka magotini, akalisema jinsi ulivyomwagiza: “Baba anasema, huo muchezo usiulete Kasongo. Anasema ukiuleta, yeye hatakuja kukaa kwa kiti.” Kisha akaongeza la kwake, “Dada, mi niko mubebaji tu. Usinipige.”

Sikumpiga. Nilimpa maji ya kunywa na nikakaa na neno lako siku kadhaa, maana sijazoea kukukatalia na sikutaka kukujibu kwa hasira. Sasa hasira imepungua na jibu limebaki lilelile. Hapana, Baba. Tutakuja nao.

Lakini hukuwepo tulipoucheza hapa Kabambare, na yaliyokufikia yamepita katika midomo ya watu waliokuwa na sababu zao. Kwa hiyo niruhusu nikusimulie mwenyewe. Mchezo wa *Mlango wa Zaina* unaujua kuliko mtu yeyote aliye hai. Hata hivyo nitaueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu, ili uone nilipogusa na nilipoacha.

Musafiri, mchuuzi wa chumvi, anafunga mzigo wake na kumwambia mkewe Zaina kwamba atarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yanakomaa, yanavunwa, yanapandwa tena. Zaina analima peke yake na kumzika mtoto wao peke yake. Siku moja fundi cherehani anapita kuomba moto wa kuwashia pasi yake, na baada ya hapo haachi kupita. Musafiri anarudi, anakuta sahani mbili juu ya mkeka, anawageukia watazamaji na kuuliza, “Nani alifungua mlango huu?” Na ukumbi mzima, kama ilivyokuwa tangu mwalimu wa kwanza wa misheni alipouandika mchezo huo, unajibu kwa sauti moja: “Zaina!” Zaina anapiga magoti na kuomba msamaha kwa yale maneno marefu ambayo nusu ya Kasongo inayajua kwa kichwa. Musafiri anampa mgongo na kuondoka. Zaina anabaki chini. Pazia.

Wewe ulikuwa Zaina. Shule ilikuwa ya wavulana peke yao, sauti yako ilikuwa bado nyembamba, wakakujaza matambara kifuani na kukufunga kitenge. Mpaka leo wazee wenzako hukuita kutoka ng’ambo ya barabara, “Zaina, habari ya fundi?” nawe hucheka. Kila sikukuu ya familia walikuomba ule mwisho. Ulichukua kitenge cha Mama, ukapiga goti moja huku nyuma yako ikitikisika, na sisi watoto tulicheka mpaka tukalia. Mama aliinuka kwenda kuangalia sufuria. Nilikuwa nimekwisha kutoka chuo kikuu kabla sijajiuliza kwa nini sufuria ile ilihitaji kuangaliwa kila mara katika sehemu ileile ya mchezo.

Nilipoamua kuufufua hapa Kabambare baada ya miaka hiyo yote ya vita na kimya, nilibadilisha mambo mawili tu. La kwanza, Musafiri wangu haendi kutafuta chumvi. Anakwenda Salamabila kuchimba dhahabu, kwa sababu hapa kila nyumba ya tatu ina mtu aliyekwenda huko na kusema atarudi kabla mahindi hayajakomaa. La pili, Zaina anachezwa na mwanamke. Ni mimi mwenyewe. Niliwaomba wengine, wakakataa. Mama mmoja wa kwaya aliniambia waziwazi, “Mwalimu, mi nicheze mwanamuke wa namna hiyo na mama mukwe wangu anakaa mbele? Utanilisha weye?”

Nilitaka pia kuyaondoa magoti. Nilidhani yamepitwa na wakati, na nilikuwa na hoja nzuri, zilizopangwa vizuri, kama nilivyofundishwa. Mwalimu Amisi, anayefundisha hesabu na kucheza Musafiri, ndiye aliyenizuia. “Watu wanaujua huu muchezo,” alisema. “Ukitoa magoti, watasema umeogopa kuchafua kitenge.” Nikayaacha.

Tulicheza baada ya soko, mchana, katika uwanja wa shule. Wanawake walikuja moja kwa moja na mabeseni yao, wakayageuza na kuyakalia. Wanaume waliorudi kutoka machimboni walikaa mbele, kwenye madawati na viti vya shule, wakiwa na viatu vipya. Nilipotokea, mmoja wao alipiga kelele, “Huyu Zaina hana matambara!” na uwanja ukacheka, nami nikakukumbuka. Waliyajua maneno kabla hatujayasema. Fundi alipochelewa kuondoka nyumbani kwangu wakaanza kumhimiza: “Fundi, harakisha, mwenye nyumba iko njiani! Acha hiyo pasi, utanunua ingine!” Mpaka hapo, Baba, ulikuwa mchezo wako mtupu.

Amisi akaingia. Akaziona sahani mbili. Akawageukia, akauliza, nao wakamjibu, wanaume hasa, kwa furaha ya watu wanaojibu swali wanalolijua: “Zaina!”

Nikapiga magoti. Sijui kupiga magoti kwa namna nyingine isipokuwa ile uliyotufundisha ya kuwasalimia wakubwa, magoti yote mawili, viganja pamoja, macho chini. Kicheko kilianza nyuma kwa mazoea, kisha kikakatika. Nilisema yale maneno marefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliyasikia bila mtu kucheka juu yake. Ni maneno mazito. Sijui kama wewe uliwahi kuyasikia, maana kwako kicheko hakikukatika kamwe.

Amisi akanipa mgongo, kama ilivyoandikwa. Wanafunzi wawili walikuwa wameshika vitenge vyetu vya pazia wakingoja amri ya kuvifunga. Hawakuvifunga, kwa sababu Bibi Mwajuma alikuwa amekwisha kupanda.

Bibi Mwajuma anauza mawese sokoni. Ni mzee, mwembamba, na huanza maneno yake kwa Kibangubangu na kuyamaliza kwa Kiswahili. Alipita kati ya madawati akisukuma mabega ya wanaume kama mtu anayepita katika mahindi, akafika mbele yangu, akanishika mkono.

“Simama, mwanangu.”

Nikamnong’oneza, “Bibi, ni mchezo.”

“Najua iko muchezo. Hakuna mutu alinidanganya. Lakini haya magoti iko chini kweli.”

Baba, hapo ndipo nilipoliona kosa langu, na nadhani ni kosa la shule yenu yote. Kwetu Kasongo na kwao hapa Kabambare, mtu akipiga magoti kuomba, yule anayeombwa humshika mkono na kumsimamisha, hata kama moyo wake bado unawaka. Maneno mengine hufuata baadaye. Akikataa, mkubwa yeyote aliyepo humsimamisha badala yake, na yule aliyekataa huulizwa sababu. Hili hata mtoto analijua. Lakini katika mazoezi yote sikulifikiria hata mara moja, nami niliyezoea kufikiria kila kitu mara mbili. Labda ni kwa sababu katika kichwa changu aliyepiga magoti alikuwa bado mvulana, na kila mtu alijua kwamba pazia likifungwa atainuka mwenyewe na kukimbia kula.

Bibi Mwajuma alinisimamisha, akakipangusa kitenge changu vumbi, kisha akamgeukia Amisi.

“Weye! Geuka huku. Mutu anapiga magoti, unamupa mugongo? Nani alikuzaa?”

“Bibi,” alisema Amisi, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, si ya Musafiri tena, “imeandikwa hivyo.”

“Aliyeandika iko wapi? Tumuite.”

Watu walicheka. Bibi Mwajuma hakucheka. Alisubiri wamalize.

“Umeuliza nani alifungua mulango. Vizuri, tumesikia. Na mi nauliza yangu: nani alitoka kwanza kwa mulango huu?”

Kisha sauti moja ilitoka upande wa mabeseni, ndogo, kama ya mtu anayejaribu: “Musafiri.” Ikafuata ya pili. Halafu wanawake wote kwa pamoja, kwa sauti ileile ambayo wanaume walijibia, “Musafiri!” Bibi Mwajuma akarudia swali, nao wakarudia jibu, mpaka Amisi masikini akashuka jukwaani na kwenda kukaa na wanafunzi wake.

Baadhi ya wanaume waliondoka. Mmoja alibeba kiti alichokuwa amekikalia, ambacho kilikuwa cha shule, na hakijarudi mpaka leo. Wengine walibaki. Nilimwona mmoja, mwenye viatu vipya kuliko wote, akimtafuta mkewe kati ya mabeseni, na mkewe akijifanya hamwoni.

Asubuhi yake mkuu wa shule, tunayemwita prefe, aliniita. Ni mtu mpole. Nakuandikia hivyo ili usimfikirie vibaya.

“Mwalimu Riziki, mchezo wa wazee una heshima yake. Umeuharibu.”

“Prefe, sikuongeza hata neno moja.”

“Basi ungemzuia yule bibi.”

“Mzuie wewe, prefe. Yuko sokoni kila siku.”

Alicheka kidogo, halafu akakumbuka cheo chake. Ameamua kwamba jina la shule halitaandikwa juu ya mchezo huu mahali pengine popote mpaka nirudishe mwisho wa zamani na kuwaweka watazamaji mahali pao. Nimemjibu kwa heshima kwamba mwisho wa zamani haujaondoka, upo wote, na kwamba watazamaji wanapajua mahali pao. Basi tutakuja bila jina la shule.

Usidhani nina uhakika kama sauti yangu inavyosikika. Siku chache baadaye mama mmoja kijana kutoka Wamaza alinifuata nyumbani. Hakukaa. Alisema, “Mwalimu, wangu hakurudi kwa sababu udongo wa karieri, kule machimboni, ulimuangukia. Siku ile na mi nilipiga kelele ‘Musafiri’, na usiku sikulala. Usimuweke bwana yangu pamoja na yule.” Prefe aliponikemea nilijua la kusema. Huyu aliniacha nimesimama na ufagio mkononi. Yawezekana swali la Bibi Mwajuma ni kubwa kuliko jibu walilompa. Yawezekana pia kwamba uwanja mzima ukijibu kwa sauti moja, hata ukijibu kweli, kuna mtu mmoja mle ndani anayeonewa. Nimelifikiria hilo sana. Lakini nikilifikiria mpaka mwisho linanirudisha palepale: kwa miaka hiyo yote ukumbi wenu ulikuwa ukijibu “Zaina!” kwa sauti moja, na hakuna aliyekosa usingizi.

Sasa nafika mahali pagumu. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta, leo naiacha. Ulipokuwa Kindu kwa kazi, sisi tukiwa wadogo, Mama alilima peke yake na alikaa na mlango umefungwa. Majirani walihakikisha umefungwa. Walikuwa wakipita kuuangalia. Wewe kule, hakuna aliyekuuliza ulifungua mlango gani. Sikuulizi mimi. Mimi ni mtoto wako na hilo ni lenu wawili. Huenda ninajenga nyumba nzima juu ya sufuria moja, na kule Kindu hapakuwa na kitu isipokuwa kazi na homa. Kama ninakosea, nitafurahi kukosea, nawe utaniambia nikiwa nimepiga magoti mbele yako kama mtoto. Ila usiniambie kwamba unaukataza mchezo kwa sababu ya heshima ya misheni. Uliuchezea uani kwetu, na kitenge cha Mama, na misheni haikulalamika.

Tutacheza Kasongo mpunga ukishavunwa, katika ukumbi wa parokia, palepale ulipochezea. Padre mpya amekubali. Aliuliza tu kama kuna matusi, nikamwambia hakuna. Amisi anakuja. Nilidhani atakataa baada ya aibu ile, lakini alisema, “Mi nililelewa na mama peke yake. Nataka kujua kama, nikisha kukupa mugongo, nitageuka.” Sikumwelewa mara moja. Nilimwelewa baadaye, nikaona kwamba mwalimu wa hesabu ameufikia mchezo huu mbali kuliko mimi.

Bibi Mwajuma haji. Nilimwomba. Alisema kiuno chake hakiwezi pikipiki mpaka Kasongo, halafu akauliza, “Kwani kwenu hakuna watu wenye mikono?”

Ndivyo tulivyokubaliana basi. Sitabadilisha neno. Amisi atauliza swali lake la zamani na Kasongo itajibu inavyotaka. Nitapiga magoti yote mawili, nitasema maneno yote, na hapo nitabaki. Nimewaagiza wenye pazia wasilifunge. Sitainuka mwenyewe. Ikiwa hakuna atakayepanda, nitakaa chini pale mpaka watu wachoke kuniangalia na kwenda kwao, na nitakuwa nimejua jambo fulani juu ya Kasongo, au juu yangu, sijui lipi. Walioniambia kwamba ni ukaidi wa mtu aliyesoma huenda wanasema kweli. Nitapiga magoti hata hivyo.

Nisalimie Mama kwanza kuliko wote. Mwambie kitenge nitakachovaa siku hiyo ni kile chake cha rangi ya majani, alichonipa nilipokuja huku, na kwamba nimemwekea nafasi mbele. Msalimie kaka Kalumba, mlimaji wenu, na mkewe, ambaye nasikia amejifungua salama. Mtoto nitamletea shuka. Msalimie shangazi Elena wa kwaya, aombe kwa ajili yetu kama anavyojua, ila asiombe tukwame njiani. Na wale wazee wenzako wa ng’ambo ya barabara, wanaokuita Zaina, wasalimie wote mmoja mmoja, waambie ninawangoja.

Ulisema hutakuja kukaa kwenye kiti. Nimesikia, Baba, na sitakubembeleza ukae. Lakini ukumbi ule una mlango mdogo wa pembeni, unaujua, ndio ulioingilia ulipokuwa na matambara kifuani. Mtu anaweza kusimama pale bila kuonekana na bila kuhitaji kiti. Niliupima kwa macho mara ya mwisho nilipokuwa huko. Kutoka pale mpaka nitakapokuwa nimepiga magoti si mbali, hata kwa mtu ambaye goti lake linamuuma.

Ni mimi, binti yako asiyekusikiliza mara hii,

Riziki